Kuku Aliyerudi na Tai Yangu Mguuni

Nilimla kuku wa jirani yangu, na kibaya zaidi ni kuku niliyempa mwenyewe kwa mikono yangu. Ningekuwa nimemwiba ningebaki na heshima kidogo, maana mwizi huwa anajua anachofanya. Mimi nilimchinja kwa amani, nikamnyonyoa kwa amani, nikamuunga kwa vitunguu na nyanya, nikala mpaka shingo, huku nikijipongeza kwamba mwanaume aliyeachwa peke yake nyumbani naye anaweza kujitunza.

Tuelewane kwanza kuhusu kuku. Hapa kwetu Nsemulwa kuku hawajui mipaka ya viwanja. Asubuhi ukiwafungulia wanachanganyika na wa wenzako, wanafukua bustani ya huyu, wanapumzika kivulini kwa yule, jioni kila mmoja anarudi kwao au anakodhani ndiko kwao. Ndiyo maana kila nyumba ina kitambaa chake. Unachana utepe, unaufunga mguuni mwa kuku, basi mtaa mzima unajua. Wenye utepe wa zambarau ni wa jirani yangu, kautoa kwenye sare yake ya zamani ya kwaya. Wa kwetu wanavaa tai yangu ya sekondari. Niliichana vipande nilipomaliza kidato cha nne, na mpaka leo mke wangu akiulizwa elimu yangu imesaidia nini nyumbani, anaonyesha miguu ya kuku.

Na kuna utaratibu. Ukimpa mtu kuku, unamfungua utepe wako palepale, naye anamfunga wake palepale, kabla kuku hajagusa chini. Kufungua ni kazi ya anayetoa. Hata mtoto analijua hilo. Siku ile nilimpelekea jirani tetea mwekundu, akanipa debe la maharage, lakini nilikuwa nimeacha kazi kwenye kompyuta na kichwa changu kilibaki hukohuko. Nikamwachia kuku uani kwake, nikabeba debe, nikakimbilia ndani kama ninayefukuzwa. Utepe ukabaki mguuni. Jirani akanisubiri nirudi nikaufungue. Mpaka leo bado ananisubiri.

Wiki zikapita. Mke wangu akaenda Kasekese kumsaidia mama yake kuvuna. Jioni moja nikamwona tetea mwekundu anaparua mlangoni pangu. Kuku wekundu wa kwetu wanafanana kama mapacha. Sikumtazama usoni, kwani nani anamtazama kuku usoni? Nilitazama mguu. Nikaiona tai yangu. Nikachukua kisu.

Asubuhi jirani akaja. Ni mama mkulima, mtu wa maharage na mihogo; wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa hukuhuku, na akikasirika Kirundi kinamtoka kwanza, Kiswahili kinafuata nyuma kama mkia.

"Hodi humo ndani, mwali!" Ndivyo anavyoniita, kwa sababu sitoki nje.

"Karibu, mama."

"Kuku wangu hajalala nyumbani. Hujamwona huku?"

"Kuku yupi?"

"Yule mwekundu uliyenipa."

Nilifungua mdomo niseme sijamwona, lakini macho yake yalishafika kwenye ndoo ya taka nyuma yangu. Mguu wa kuku ulikuwa umelala juu ya maganda ya vitunguu, umevaa tai vizuri kabisa, kama mwanafunzi anayesubiri kengele.

Maneno ya mwanzo sikuyaelewa, yalikuwa ya Kirundi. Kisha Kiswahili kikafika.

"Maharage yangu ulikula?"

"Nilikula, mama."

"Na kuku umekula?"

"Nilidhani wa kwangu. Alikuwa na utepe wangu."

"Utepe! Kwa hiyo na mimi nikivaa shati lako utanichinja?"

Nikamwambia nitampa kuku mwingine, achague yeyote. Akakataa, na hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa nilichokula. Msimu uliopita mdondo ulipita kwenye banda lake ukafagia kuku wote, akabaki jogoo mmoja tu, mwenye alama nyeusi kichwani. Jogoo aliyeuona mdondo akaushinda. Yule tetea wangu alichukuliwa makusudi aanze ukoo mpya na jogoo huyo. Alishataga mayai kumi na mawili jikoni kwa mama, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuatamia, akatoka kidogo kutafuta chakula, akakutana na mimi. Na jogoo naye, wiki ileile, alikuwa amegongwa na bodaboda. Kwa hiyo ukoo wote ulikuwa ndani ya yale mayai, hakuna mengine.

Akaenda kwake, akarudi na kikapu, mayai yamezungushiwa maganda makavu ya maharage. Akakiweka mezani pangu juu ya karatasi zangu.

"Mama yao umemla. Sasa utaatamia wewe. Si unakaa ndani siku nzima? Kazi ya kukaa si unaiweza?"

Akaondoka.

Hapa inabidi niseme ninachofanyaga humo ndani, maana mtaani wapo wanaoamini nafuga majini. Natengeneza simu za watu, hiyo ndiyo inayotulisha. Lakini mapenzi yangu yako kwenye kiini. Kila kompyuta ina kiini, programu ya chini kabisa inayogawa memori kwa programu nyingine zote na kusimamia kila kifaa. Kuna kiini kimoja kidogo tunachokijenga watu wachache tuliotawanyika duniani, hatujawahi kuonana, tunatumiana msimbo, yaani maandishi ya programu, kwa mtandao. Wengine wana digrii za kutundika ukutani. Mimi nina tai, na yenyewe iko miguuni mwa kuku.

Kiini hicho nilikuwa nakijaribia kwenye sanduku la kutotolesha mayai. Boksi la mbao, taa ya kuleta joto, feni ndogo, bakuli la maji kwa ajili ya unyevu, na bodi ya kompyuta inayosoma joto na kuamua taa iwake au izimike. Kazi nyepesi hiyo. Tatizo ni kwamba kiini kilikuwa na ugonjwa wa kuganda. Kinafanya kazi vizuri siku mbili tatu, halafu kinasimama tu, na taa inabaki ilivyokuwa. Mayai yangu ya kwanza yaligandiwa taa ikiwa inawaka. Tuliyala na chai.

Kidhibiti cha kawaida cha joto ningeweza kuagiza, lakini mayai hayasubiri mzigo wa basi. Na kuku wangu wote waliobaki hakuna hata mmoja aliyekuwa na hamu ya kuatamia. Nilijaribu kumkalisha mmoja, akaniparua.

Ugonjwa wenyewe nilishaujua kwa jina, sikumjua mwenye nao. Programu inaomba kipande cha memori, inakitumia, inakirudisha. Halafu inasahau kwamba imekirudisha, inaendelea kuandika mlemle. Wakati huo kipande kimeshapewa mwingine, na huyo mwingine anakuta maneno ya ajabu ndani ya nyumba yake, anachanganyikiwa, mashine inaganda. Ukienda kuchunguza unamkuta asiye na kosa ndiye aliyeanguka, mkosaji kashaondoka zamani.

Dawa yake nilikuwa nayo mezani. Ile bodi walinitumia wenzangu, ikaja kwa basi imefungwa kwenye boksi la biskuti, kwa sababu prosesa yake ina kipaji ambacho za zamani hazina. Kila kipande kidogo cha memori kinaweza kuvalishwa rangi, moja kati ya kumi na sita, na rangi hiyohiyo ikapandishwa kwenye anwani ya kipande hicho anayopewa mwombaji. Mtu akija kusoma au kuandika, prosesa yenyewe inalinganisha rangi mbili hizo. Zikipishana, inasimamisha kazi palepale na kumtaja mkosaji akiwa bado mlangoni. Zamani ulinzi wa namna hiyo ulifanywa kwa msimbo mtupu na kompyuta ikatembea kama mtu mwenye gunia kichwani. Huu unafanywa na chuma, mzigo huusikii sana. Ila chuma hakina akili ya kupaka rangi. Lazima kiini kifundishwe kipake lini na wapi, na kazi ya kukifundisha kiini chetu niliiomba mimi. Niliiomba kwa mbwembwe, nikasema itaisha mapema.

Basi mayai nikayaingiza sandukuni, nikaweka kiini chenye mlinzi wangu mpya, nikawasha. Nikasubiri mlinzi apige kelele. Kimya. Siku ya pili, kimya. Ya tatu, kimya kabisa. Nikaanza kutembea nimeinua kidevu, nadhani hata kwenda dukani nilienda, jambo ambalo majirani walilizungumzia. Nikawaandikia wenzangu kwamba ulinzi unafanya kazi na kiini hakina kosa hata moja. Nikamwambia mama kupitia uzio:

"Mama, kule ndani nimeweka mlinzi. Hapiti mtu."

"Ulikuwa na mlinzi wakati wa kuku wangu?"

"Hapana."

"Ungeanza naye."

Baada ya siku chache kiini kikaganda.

Nilikuwa nakunywa uji mchana, nikaona namba ya joto kwenye kioo haibadiliki. Nikaweka mkono sandukuni. Baridi. Namshukuru Mungu kwamba safari hii kiligandia taa ikiwa imezimwa, maana mayai husamehe baridi kidogo lakini hayasamehi kuchemshwa. Nikang'oa waya wa taa kutoka kwenye bodi, nikauunga kwenye swichi ya kawaida, nikavuta kiti. Kuanzia hapo nikawa kidhibiti mimi. Kipimajoto kikishuka nawasha, kikipanda nazima. Nageuza mayai, naongeza maji, nawasha, nazima. Kompyuta mapajani.

Ndivyo mke wangu alivyonikuta aliporudi kutoka Kasekese. Mzigo bado uko kichwani, kasimama mlangoni ananitazama mimi, mkono umezama sandukuni.

"Niliacha mume," akasema, "nimekuta koo."

"Njoo ushike swichi."

"Nataga au naatamia tu?"

Lakini alishika. Alivua kanga ya safari, akavuta kigoda, akawa anawasha na kuzima kwa mkono mmoja huku mwingine unachambua mchicha, na aliifanya kazi ile vizuri kuliko kiini changu. Alinieleza hivyo mara kadhaa. Mimi nikapata nafasi ya kuwaandikia wenzangu, safari hii bila mbwembwe, kwamba kiini kimeganda na mlinzi hakusema neno.

Mmoja wao ndiye mkaguzi wa msimbo wetu, mtu wa maneno machache, anakaa nchi ambayo mimi nikiamka yeye anapiga mswaki alale. Alinijibu swali moja tu: umeshajaribu kumwibia mlinzi wako?

Sikuwa nimejaribu. Nilichukua kimya cha mlinzi nikakiita usalama. Mtu akikuajiria mlinzi, halafu akakwambia hakuna aliyekamatwa, kuna mambo mawili: ama hakuna wezi, ama mlinzi amelala. Mimi nilichagua lile lililonipendeza.

Nikaandika mwizi wa kuigiza. Mistari michache tu: omba kipande, kirudishe, kisha andika humohumo. Uhalifu wa wazi, mchana kweupe. Nikauendesha. Mlinzi kimya. Nikaongeza: andika tena, andika mara nyingi. Mlinzi akamtazama mwizi anapita na kabati, akamfungulia geti.

Nikarudi kwenye msimbo wangu nikausoma kama vile umeandikwa na adui. Na pale kosa likanitazama. Niliandika kwamba kipande kikitoka ghalani kwa mara ya kwanza, kipakwe rangi, na rangi ipandishwe kwenye anwani. Kikirudishwa, nikakiacha hivyohivyo. Nilijiambia kina rangi tayari, ya nini kujichosha? Kwa hiyo kipande kilirudi, kikapewa mwingine, kikiwa na rangi ileile ya mwenye zamani. Mwenye zamani akija na anwani yake kuukuu, prosesa inalinganisha, rangi zinafanana, karibu ndani.

Nilicheka mpaka mke wangu akaacha swichi.

"Nini?"

"Nimempa mtu kuku bila kumfungua utepe."

"Tena?"

Hilo neno moja lilinitosha. Ndiyo, tena. Nilikuwa nimefanya kosa lilelile mara mbili, mara moja kwa kuku na mara moja kwa chuma, na mara zote mbili sababu ilikuwa haraka ya kurudi kwenye kiti changu. Sisemi niliona aibu. Niliona raha, maana kosa ukishalijua sura halikusumbui tena. Na sura ya hili nilikuwa nimeshaila na ugali.

Kurekebisha hakukuwa kugumu. Kipande kikirudishwa tu, kinavuliwa rangi yake palepale na kuvalishwa nyingine ambayo hakuna anwani yoyote inayopewa. Kikitolewa upya, kinavalishwa rangi tofauti na ya mwenye zamani. Kabla hakijagusa chini, kwa lugha ya mtaani kwetu. Nikamwita tena mwizi wangu wa kuigiza. Hakumaliza hata mstari mmoja: prosesa ikasimama, ikaandika anwani, rangi aliyokuja nayo, rangi aliyoikuta, na jina la aliyemtuma. Nikapiga makofi peke yangu.

Kisha nikawasha kiini chenyewe, chote, bila maigizo. Kikafa kabla hakijaamka vizuri. Nikakirekebisha hapo, nikawasha, kikafa mbele kidogo. Mlinzi aliyekuwa amelala sasa alikuwa anakamata kila mtu, hata aliyekuja kusalimia. Wengine walikuwa hawana hatia, ni mimi nilisahau kuwavalisha rangi mpya, nikawavalisha. Siku mbili nilifanya hivyo, mke wangu na swichi, mimi na kompyuta, mayai katikati yetu kama mgeni mgonjwa. Yalipomulikwa kwa tochi, mengi yalionyesha mishipa myembamba myekundu na kitu kidogo kinachochezacheza. Jirani naye alikuja kuyamulika kwa tochi yake mwenyewe, kwa sababu yangu hakuiamini.

"Wako hai," akasema. "Bado hujawala."

Mwishowe kiini kikaamka, kikatembea kidogo, na mlinzi akampata yule tuliyekuwa tunamtafuta. Alikuwa ni msomaji wa joto. Kijiprogramu kinachosoma kipimajoto cha sandukuni na kuandika nyuzi zake kwenye memori. Kikimaliza zamu kinarudisha kipande, lakini kengele yake ya ndani hakuna aliyeizima, kwa hiyo ikilia anaamka na kuandika nyuzi joto za mayai ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Siku yoyote aliyompata mwenye moyo dhaifu, mashine yote iliganda.

Msomaji wa joto nilimwandika mimi.

Nikamtumia mkaguzi taarifa, pamoja na marekebisho yote, na ripoti ya mlinzi kama ilivyo. Akaniuliza, huyu msomaji wa joto kaandikwa na nani? Nikajibu, mimi. Na mlinzi aliyemkamata? Mimi pia. Akaniandikia kwamba ni mara yake ya kwanza kuona mtu anajipeleka polisi kwa pingu alizotengeneza mwenyewe. Kisha akaupokea msimbo, wote, hakunirudishia hata mstari. Kwa mtu yule, hiyo ni ngoma na vigelegele.

Nikarudisha waya wa taa kwenye bodi. Mke wangu alichelewa kidogo kuachia swichi, nadhani alishaizoea. Tukakaa tukatazama namba ya joto. Ikapanda, taa ikazimika. Ikashuka, taa ikawaka. Ilifanya hivyo siku ile, na iliyofuata, na wiki nzima, na safari hii kimya cha mlinzi nilikiamini kwa sababu kila asubuhi nilimwita mwizi wangu wa kuigiza aje akamatwe. Hata sasa namwita.

Vifaranga wakaanza kulia ndani ya maganda asubuhi ya Jumapili. Jirani aliwasikia kutoka kwake akijiandaa kwenda kanisani, akaja na sare ya kwaya mwilini na kikapu mkononi. Walitoka tisa. Mayai matatu hayakuwa na kitu. Tisa wenye manyoya yaliyolowa, wanayumba kama wazee wanaotoka kilabuni, na wawili wao na alama nyeusi kichwani ileile ya yule jogoo. Mama alipoziona alijifuta uso kwa mkono wa joho.

Nikawa namkabidhi mmoja mmoja. Mimi nashika, yeye anafunga uzi wa zambarau mguuni, ndipo kifaranga anaingia kikapuni. Hakuna aliyegusa chini. Na wakati tunafanya hivyo nikaona ni nafasi nzuri ya kumweleza kazi niliyoifanya, maana mtu hawezi kuokoa ukoo mzima akanyamaza. Nikamweleza habari ya rangi kumi na sita, na anwani, na prosesa inavyolinganisha, na jinsi kiini chetu sasa kinavyovua utepe wa zamani palepale, na kwamba wataalamu wa nchi za mbali wameipokea kazi yangu bila kuitia kalamu. Mke wangu aliinamia mchele aliokuwa anachambua ili nisimwone anacheka. Nilieleza vizuri, mimi mwenyewe nilijipenda. Nilipomaliza nikasimama pale, mikono nyuma, nikingoja.

Jirani akamfunga uzi kifaranga wa tisa, akafunika kikapu kwa kanga, akajitwisha. Alipofika mlangoni akageuka.

"Vifaranga nimewapokea, mwali. Kuku wangu bado umemla."